Chambo Kifike Alipo Samaki

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo ya watu wazima, Ijumbi

Natumaini kila mmoja amekwisha keti, daftari li wazi na kalamu i mkononi. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: kurambaza, kilindi, chubwi, kishushio, betri. Ninyi yanakilini polepole. Tutayakuta tena mbele, na kila moja nitalieleza.

Siku chache zilizopita nilipata barua kutoka kwa wanafunzi wa kisomo. Waliiandika kwa mkono wao wenyewe, nami nilifurahi sana. Barua ilikuwa fupi. Maana yake ni hii: Sisi ni watu saba. Tuna mashua moja yenye injini ya kuwasha kwa kuvuta kamba. Tunavua sangara, na mara chache tunawachukua wageni wanaopenda kuvua kwa mchezo. Mtu mmoja ametuonyesha mashine ya umeme ya kushushia chambo chini ya maji. Fedha ya kikundi inatosha kuinunua, lakini itakwisha yote. Je, tununue?

Swali hili ni zuri, nami sitalijibu upesi. Anayetaka kununua ng'ombe humtazama meno, miguu na kiwele kabla ya kutoa fedha. Basi na sisi tuitazame mashine hii kwanza: inafanya kazi gani, inahitaji nini, na inaweza kuleta hasara gani. Jibu la barua nitalitoa mwishoni.

Kurambaza ni nini

Wavuvi wa pwani wana neno zuri, kurambaza. Kurambaza ni kuvua kwa kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Mwisho wa mshipi pana ndoano yenye chambo, au samaki wa bandia wa mti, bati au plastiki. Chombo kinakwenda polepole, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu au kupita kidogo. Chambo nacho kinafuata nyuma kikitikisika kama samaki mdogo anayeogelea. Samaki mkubwa akikiona hudhani amepata chakula, akarukia.

Njia hii ni nzuri kwa samaki anayewinda, na sangara ni mwindaji. Hula dagaa, furu, uduvi, hata sangara wadogo. Ziwa letu halikuwa naye tangu zamani. Aliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Leo samaki huyu analisha watu wengi, na wageni husafiri kutoka mbali kuja kumvua kwa fimbo na mshipi, hasa huko Rubondo, kisiwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Kwa hiyo kurambaza si jambo la ajabu katika upande wetu wa ziwa.

Lakini kurambaza kuna taabu moja. Chombo kikienda, maji husukuma mshipi na chambo hupanda juu. Unaweza kuwa na ndoano kali na chambo kizuri, lakini chambo kinapita karibu na uso wa maji, na samaki yuko chini mita 15. Hapo utakokota mchana kutwa, utamaliza petroli, na utarudi na ndoo tupu.

Kilindi cha ziwa letu

Kilindi ni urefu wa maji kutoka juu hadi chini. Ziwa Victoria ni pana sana, lakini halina kilindi kikubwa. Kwa wastani kilindi chake ni kama mita 40, na mahali penye kilindi kuliko pote ni kama mita 80. Lifananishe na Ziwa Tanganyika, lenye kilindi kinachopita mita 1,400. Ziwa letu ni kama sinia, na lile ni kama mtungi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalisemi. Samaki naye anavuta pumzi. Anatumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Hewa hiyo huingia kutoka juu, kwa upepo na mawimbi, na pia hutolewa na mimea midogo ya majini penye mwanga wa jua. Upepo ukiwa mdogo na jua kali, maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi, yakaelea juu ya maji ya chini kama mafuta juu ya mchuzi. Tabaka hizo mbili hazichanganyiki vizuri. Uchafu na mimea iliyooza huzama na kumaliza oksijeni ya tabaka la chini, wala hapana nyingine inayoshuka kutoka juu. Hali hiyo huonekana zaidi katika sehemu zenye kilindi kikubwa, miezi ya mwisho wa mwaka na ya mwanzo wa mwaka. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusi huvuma kwa nguvu, zikayakoroga maji, na oksijeni hufika hadi chini.

Mmeona maana yake kwa mvuvi? Ukishusha chambo katika maji yasiyo na oksijeni, ni kama kutega mtego wa ndege ndani ya pango lisilo na ndege. Kushuka zaidi siyo kupata zaidi. Kazi ni kufika pale samaki alipo, wala si kufika chini kabisa.

Kishushio hufanyaje kazi

Mashine waliyoisema katika barua huitwa daunriga na watu wa ng'ambo. Sisi katika somo hili tutaiita kishushio, kwa sababu kazi yake ni kushusha. Ina sehemu sita. Ziandikeni:

1. Gurudumu lililozungushiwa waya mwembamba wa chuma, au kamba ngumu iliyosukwa.
2. Mkono wa chuma unaotokeza nje ya ukingo wa mashua, wenye kapi mwishoni.
3. Chubwi, yaani kizito kinachofungwa mwisho wa waya. Mara nyingi ni cha kilo 4 au 5.
4. Kibanio kinachoushika mshipi wa kuvulia karibu na chubwi.
5. Kihesabio kinachoonyesha waya umeshuka kiasi gani.
6. Mota ya umeme ya kupandishia chubwi, au mpini wa kuzungusha kwa mkono.

Mpangilio wake ni huu. Mshipi wa kuvulia haufungwi na waya moja kwa moja. Unabanwa tu kwenye kibanio. Chubwi linashuka, nalo linauvuta mshipi na chambo hadi kilindi unachotaka. Samaki akirukia chambo, mshipi unachomoka katika kibanio. Hapo mvuvi anapigana na samaki kwa fimbo na mshipi wake, bila uzito wa chubwi.

Kifaa hiki kilipata sifa kubwa katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1966 watu wa jimbo la Michigan walitia katika mito iingiayo Ziwa Michigan samaki wa salmoni kutoka upande wa Bahari ya Pasifiki. Samaki huyo hupenda maji ya baridi. Wakati wa joto maji ya juu ya ziwa lile hupata moto, naye hukimbilia chini. Wavuvi wakalazimika kumfuata huko kwa machubwi na waya.

Tazameni tofauti. Kule samaki hushuka kutafuta baridi. Kwetu maji ni ya vuguvugu mwaka mzima, juu na chini. Sangara hakimbii joto. Anafuata chakula na oksijeni. Asubuhi anaweza kuwa karibu na mwamba wa kisiwa, mchana akawa penye kilindi zaidi. Kwa hiyo chombo kile kinaweza kutufaa, lakini vilindi vya kule tusivinakili. Ni lazima tupime vyetu wenyewe.

Hesabu ya waya uliolala

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kihesabio cha mashine kinasema mita 20. Je, chambo kiko chini mita 20? Si lazima. Kihesabio kinahesabu urefu wa waya uliotoka, wala hakijui waya umelala namna gani. Mashua ikienda, maji husukuma chubwi nyuma na waya huinama.

Chukueni karatasi yenye pembe kamili, kama pembe ya daftari. Ikunjeni pembe hiyo mara moja katikati. Mmepata nusu ya pembe kamili. Kama waya umelala kiasi hicho kutoka mstari wa kwenda chini wima, basi waya wa mita 20 unafika kilindi cha mita 14 tu. Karatasi nyingine ikunjeni pembe yake sehemu tatu zilizo sawa, mtumie sehemu moja. Kama waya umelala kiasi hicho, mita 20 za waya zinafika kama mita 17.

Mvuvi afanye nini? Apunguze mwendo, au aongeze uzito wa chubwi, au atoe waya zaidi. La kwanza ni rahisi kuliko yote na halina gharama. Anayekwenda mbio anamwaga petroli na kuinua chambo chake mwenyewe.

Umeme unatoka wapi

Mota ya kishushio cha umeme hutumia betri ya volti 12, kama ya gari. Watu wengi huogopa kwamba betri itakwisha upesi. Tuihesabu.

Tuseme mashine inavuta ampea 15 wakati wa kupandisha, na kila kupandisha kunachukua dakika 1. Ampea 15 kwa saa nzima ni ampea-saa 15. Kwa dakika 1 ni robo ya ampea-saa. Ukipandisha mara 40 kwa siku, umetumia ampea-saa 10. Kushusha hakutumii umeme mwingi, kwa sababu chubwi linashuka kwa uzito wake.

Betri yenu tuseme ni ya ampea-saa 60. Betri ya maji isitumiwe hadi iishe kabisa, maana huharibika. Tumia nusu yake, yaani 30. Basi itafanya kazi siku tatu kabla ya kuchajiwa. Bamba la sola la wati 50 linaweza kurudisha umeme wa siku moja kwa saa kama nne za jua kali.

Kumbe wingi wa umeme si tatizo kubwa. Tatizo ni nguvu inayopita kwa mara moja. Ampea 15 ni nyingi kwa waya mwembamba. Nimewahi kufika kwenye mwalo mmoja nikakuta kishushio cha umeme kimefunikwa gunia. Niliuliza kwa nini. Wenyewe wakasema walikiunga na betri kwa waya mwembamba uliotoka katika redio mbovu, wala hawakuweka fyuzi. Siku ya pili waya ulipata moto, plastiki yake ikayeyuka, na moshi ukatokea karibu na dumu la petroli. Mmoja aliukata waya kwa panga. Watu walipona, lakini hakuna aliyetaka kukigusa kishushio tena. Fedha yao ililala chini ya gunia lile.

Basi shikeni mambo manne. Waya uwe mnene kama kitabu cha mashine kinavyoagiza. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwa ukubwa ulioandikwa katika kitabu hicho. Betri ikae ndani ya sanduku, ifungwe isipinduke, iwe juu ya maji yanayokusanyika ndani ya mashua. Na betri ikae mbali na petroli, kwa kuwa cheche moja inatosha kuwasha moto, na katikati ya ziwa hakuna pa kukimbilia.

Jinsi ya kuchagua

Mkifika mbele ya muuzaji msione haya kuuliza. Anayeuliza haibiwi kwa urahisi. Ulizeni maswali haya.

La kwanza: Umeme ukikatika, chubwi litapandishwaje? Mashine nzuri ina njia ya kupandisha kwa mkono. Isiyo na njia hiyo inaweza kuwaacha na kilo 5 zikining'inia chini huku dhoruba inakuja.

La pili: Breki yake inaweza kulegezwa kidogo? Breki nzuri huuachia waya utoke chubwi linaponasa. Breki iliyokazwa kabisa ni hatari, nami nitaeleza sababu hivi punde.

La tatu: Itafungwa wapi? Ubao wa ukingo wa mashua zetu mara nyingi ni mwembamba. Mashine ikifungwa hapo kwa misumari, itang'oka pamoja na ubao. Weka kipande cha mbao ngumu kwa ndani, kisha funga kwa bolti zinazopenya pande zote mbili.

La nne: Vipuri vinapatikana wapi? Waya hukatika, vibanio hupotea, fyuzi huungua. Ikiwa kila kitu kidogo ni cha kuagizwa ng'ambo, mashine itakaa ghalani miezi mingi.

La tano: Je, tunahitaji mota? Hili ndilo swali kubwa. Kupandisha kilo 5 kutoka mita 20 kwa kuzungusha mpini ni kazi ya mtu mmoja wala si nzito. Cha mkono hakihitaji betri, sola wala fyuzi, na bei yake ni ndogo. Cha umeme kina faida pale unapokuwa na machubwi mawili au zaidi, au kilindi kikubwa, au wageni wengi na mvuvi mmoja anayeshughulikia usukani na mishipi pamoja.

Jinsi ya kukitumia

Tuseme kishushio kipo, cha umeme au cha mkono. Fuateni hatua hizi.

Kwanza pimeni kilindi cha mahali. Wenye chombo cha kupimia kwa sauti wakitazame. Wasio nacho watumie bildi, yaani kamba yenye kizito mwishoni na fundo kila mita. Mabaharia wa pwani wameitumia tangu zamani.

Pili, mashua ikienda polepole, toeni mshipi nyuma mita 10 hadi 20, chambo kiwe mbali na kelele za injini. Ndipo mbane mshipi kwenye kibanio.

Tatu, shusheni chubwi polepole huku mkiachia mshipi. Likishuka kwa kishindo, mshipi unajizungusha kwenye waya.

Nne, lisimamisheni chubwi mita 3 au zaidi juu ya sakafu ya ziwa. Penye miamba ongezeni nafasi. Anzeni juu, kisha mshuke kidogo kidogo. Samaki huona vizuri chambo kinachopita juu yake kuliko kilichopita chini yake.

Tano, kazeni mshipi hadi fimbo ipinde kidogo. Samaki akirukia, mshipi utachomoka na fimbo itanyooka ghafula. Hiyo ndiyo alama.

Sita, mkigeuza mashua, geuzeni kwa duara kubwa. Mkikata kona, mishipi itasokotana, au waya utaingia katika panga la injini.

Saba, samaki akikamatwa, pandisheni chubwi kwanza. Sangara mkubwa akizunguka waya, atakata mshipi na kwenda zake.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni mwamba. Chubwi likinasa kwenye jiwe na mashua inaendelea, waya unauvuta ukingo wa mashua chini. Mashua ndogo yenye watu upande mmoja inaweza kuingiwa na maji na kupinduka. Chubwi likinasa, ondoa nguvu ya injini mara moja. Legeza breki, waya utoke. Warudishe watu katikati ya mashua. Kisha rudi polepole hadi juu ya mahali liliponasa, ulivute kutoka upande mwingine. Likikataa, kata waya. Koleo la kukatia waya liwe karibu na mkono siku zote, na kila mtu awe amevaa koti la kujiokolea. Chubwi hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Hatari ya pili ni nyavu za jirani. Ziwani kuna nyavu za makila na kamba ndefu zenye ndoano, na vyote ni mali ya watu. Chubwi lenu likipita ndani ya wavu wa mwenzenu, mmekata chakula cha watoto wake. Na huo ndio mwanzo wa ugomvi mwaloni. Kabla ya kwenda kurambaza, waulizeni wenzenu wametega wapi. Tazameni maboya. Mkiwa na shaka, pandisheni chubwi mpaka mpite.

Hatari ya tatu ni risasi. Machubwi mengi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi ni sumu. Watu wengine huvunja betri kuukuu, wakayeyusha risasi yake jikoni ili kufanya vizito. Msifanye hivyo. Moshi na vumbi lake huharibu akili za watoto wadogo na kudhuru mama wajawazito. Jiwe, kipande cha chuma, au kopo lililojazwa saruji litafanya kazi hiyo. Aliyeshika chubwi la risasi anawe mikono kabla ya kula.

Kumbukeni na sheria pia. Sangara aliyepungua sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Chukueni rula ya sentimita 50 ndani ya mashua, na aliye mdogo arudishwe majini angali hai. Maji ya hifadhi ya Rubondo hayavuliwi bila kibali. Na kabla ya kuwachukua wageni kwa malipo, nendeni kwa ofisa uvuvi mkaulize leseni zinazohitajiwa.

Jibu la barua

Sasa nimefika kwa ndugu zangu saba. Jibu langu ni hili: msiinunue bado.

Sikusema mashine ni mbaya. Nasema hamjajua kama mnaihitaji. Fanyeni kwanza majaribio haya, ambayo gharama yake ni ndogo sana.

Tafuteni jiwe la kilo 4 hivi, refu na lenye kiuno, ili kamba isichopoke. Lifungeni kwa kamba imara yenye fundo kila mita. Juu kidogo ya jiwe fungeni kitanzi cha uzi dhaifu wa pamba, na mshipi wa kuvulia mfungwe kwenye uzi huo. Jiwe litaushusha mshipi. Samaki akirukia, uzi utakatika na mshipi utakuwa huru. Hicho nacho ni kishushio. Kamba ya jiwe isifungwe kwenye mashua kwa fundo gumu, wala mtu asiizungushe mkononi. Izungusheni mara moja au mbili kwenye mti wa mashua, ili jiwe likinasa mwachie upesi.

Kisha chukueni daftari. Chora safu nne: tarehe, mahali, kilindi, samaki. Kila siku ya kurambaza andikeni. Kwa mfano: mita 8, hakuna. Mita 14, wawili. Mita 25, hakuna. Andikeni na siku za ukosefu, maana nazo zinafundisha. Andikeni petroli iliyotumika na bei ya samaki. Fanyeni hivyo wakati wa upepo na wakati wa utulivu.

Miezi ikipita, daftari litawaambia. Kama samaki wenu wengi wamepatikana juu ya mita 10, mshipi wenye kizito kidogo unatosha. Kama wako kati ya mita 10 na 25, na faida imeonekana, nunueni kishushio cha mkono. Kama wageni wameongezeka, mnatumia mishipi mingi, na mna njia ya kuchaji betri, hapo cha umeme kitajilipa chenyewe. Hata siku hiyo msitoe fedha yote. Bakizeni ya waya, fyuzi, makoti ya kujiokolea na ya siku ya shida.

Mnaona, ndugu zangu? Mashine inaweza kushusha chambo, lakini haiwezi kuwaambia samaki yuko wapi. Hilo linajulikana kwa kupima na kuandika. Mwaka uliopita pengine hamkuweza kuandika tarehe na kilindi. Leo mnaweza, na barua yenu ni ushahidi. Kaandikeni, mnitumie na mimi nakala ya daftari hilo, tulisome pamoja katika somo jingine.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini chambo hupanda juu mashua ikienda mbio?
2. Waya wa mita 20 umelala nusu ya pembe kamili. Chambo kiko kilindi gani?
3. Mashine inatumia ampea-saa 10 kwa siku. Betri inaruhusiwa kutoa ampea-saa 30. Itatosha siku ngapi?
4. Chubwi limenasa kwenye mwamba. Taja mambo manne ya kufanya, kwa taratibu yake.
5. Kikundi chenu kikipata fedha leo, mngetaka kujua nini kabla ya kununua chombo chochote? Kila mmoja aandike sentensi tatu.

Mwalimu wa darasa, wape watu nafasi ya kubishana kwa adabu juu ya swali la tano. Nanyi wanafunzi, msiogope kukosea. Anayekosea katika daftari hasara yake ni kufuta tu.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, na upepo uwe mwema kwa wote watakaoingia ziwani kesho.